Chemko Halisikiki Redioni

Wimbo wa bendi ya dansi ukipigwa redioni siku hizi, mara nyingi hukatwa pale pale unapoanza kunoga. Beti zimekwisha, kiitikio kimerudiwa, tarumbeta na saksafoni zimeingia kwa pamoja, na mpiga solo ndiyo kwanza anajiandaa kuachia vidole. Hapo sauti inashushwa, mtangazaji anataja saa, tangazo la sabuni linaingia. Msikilizaji aliyekulia na redio peke yake anaweza kuyajua maneno yote ya wimbo huo na asiwahi kuisikia nusu yake ya pili. Wanamuziki nusu hiyo wanaiita chemko. Ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu Temeke na Mbagala, wamepiga pasi na kujipulizia manukato, wakapanda daladala mbili kwenda kulipa kiingilio Kariakoo.

Mimi chemko nililijulia kwa mjomba. Alikuwa fundi mitambo wa bendi moja ya Dar es Salaam, isiyo kubwa sana, na Jumamosi alihitaji mtu wa kumsaidia kubeba spika. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa sekondari. Radio One ilikuwa imeanza mwaka 1994, vituo vingine vikafuata, na mtaani kwetu kila kijana mwenye redio kaseti alikuwa akinasa nyimbo za Marekani na kuzirudia mpaka utepe ukatike. Muziki wa bendi tuliuita muziki wa wazee. Mjomba hakubishana nasi hata siku moja. Alinipa chipsi na soda, akanifundisha kukunja waya bila kuuvunja, basi.

Tulifika ukumbini alasiri, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza na mhudumu akimwaga maji sakafuni. Waya wa gitaa la besi ulikuwa na tabia ya kukatika shingoni, pale unapoingia kwenye plagi. Mjomba alikaa juu ya sanduku la spika, akamenya mpira wa waya kwa meno, akasokota nyuzi za shaba kwa kidole gumba na cha shahada, kisha akazilehemu huku moshi ukimpanda machoni. Alipochomeka plagi na kugusa uzi mmoja wa gitaa, ukumbi mtupu ulinguruma mpaka chupa za kaunta zikagongana. Alitabasamu, akaurudisha mkoba wake wa vifaa chini ya jukwaa.

“Mjomba,” aliniambia, maana hivyo ndivyo tulivyoitana, “leo usimsikilize mwimbaji. Msikilize mpiga ridhimu tu. Tukirudi nyumbani utanieleza amefanya nini.”

Mpiga ridhimu alikuwa mzee mfupi aliyesimama nyuma, ubavuni mwa dramu, mahali ambapo hakuna mpenzi wa bendi anayetupa jicho. Wimbo wa kwanza wote alirudia kifungu kile kile cha noti chache, haongezi wala hapunguzi. Wimbo wa pili nikaanza kusikia. Kifungu chake hakikuanza pamoja na besi. Kilichelewa kidogo, kikaingia kwenye pengo ambalo besi imeliacha makusudi. Besi nayo haikujaza kila pigo. Iliruka, ikanyamaza, ikarudi. Juu yao solo ya kwanza na ya pili zilikuwa zikijibizana, hii ikipanda ile inashuka, na tumba zikiziba mianya iliyobaki. Nilipomrudia mwimbaji, sauti yake ilikuwa ile ile, lakini sasa niliona amesimama juu ya nini. Mzee yule angeacha kupiga kwa nusu dakika tu, wachezaji wote wangepoteza miguu, na wasingejua kwa nini.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya besi. Halafu tumba. Halafu zile tarumbeta mbili, ambazo nilikuwa nadhani zipo kwa ajili ya kelele, nikagundua kwamba ndizo zinazowaambia wacheza dansi kuwa wimbo unakaribia kugeuka. Nikijaribu kueleza kwa nini naupenda muziki, narudi kwenye majuma hayo. Hakuna darasa la muziki nililowahi kusoma zaidi ya hilo, na kila aliye na masikio na subira anaweza kulisoma. Nyimbo zile zile za redioni nyumbani zilibadilika. Nilianza kusikia vilivyomo ndani yake, na katika nyingine nikasikia jinsi vilivyo vichache.

Chemko lenyewe halikuwa na urefu maalumu. Kiongozi wa bendi aliitazama sakafu. Wachezaji wakiwa na moto, aliinua kidole na solo ikaanza mzunguko mwingine. Wakilegea, aliukunja wimbo kwa ishara ya kichwa kwa mpiga dramu. Wimbo uliochukua dakika sita Jumamosi moja ulichukua robo saa Jumamosi nyingine, kwa sababu walikuwapo akina mama wa sherehe fulani waliokataa kukaa chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wa ukumbini wanaupiga wimbo pamoja na bendi.

Wengi hudhani nyimbo za zamani zilikuwa bora kwa sababu redio ya zamani ilikuwa bora. Kuna ukweli ndani yake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za nchi nzima katika studio yake ya Barabara ya Pugu, na ikazipa nafasi hewani ambayo hakuna kituo kinachozipa leo. Maneno yalipitiwa kwanza, kisha bendi ikapiga kwa pamoja, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja; mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Ila bendi haikwenda studio na wimbo mbichi. Ulikuwa umeshapigwa kumbini kwa muda mrefu, umepunguzwa palipochosha, umeongezwa palipopigiwa makofi. Wapenzi waliolipa mlangoni ndio waliokuwa wahariri wa kwanza, na redio ikapokea kazi ambayo wao wameshaisafisha. Tunapoyasifu mafaili ya redio ya taifa, tuwakumbuke na watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na walikuwa wahariri wakali. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ndiyo Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, iliyokuja kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC) na kujulikana kila kona kwa mtindo wake wa Sikinde. Msondo na Sikinde zote ni ngoma za Wazaramo, wenyeji wa Pwani, kwa hiyo hata majina yalikuwa ya nyumbani. Waimbaji wakubwa kama Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Shaaban Dede walihama bendi hadi bendi, na kila aliyehama alizua ubishi mitaani usio na tofauti na wa Simba na Yanga. Msondo wakitoa kibao, Sikinde lazima wajibu. Mpenzi wa Sikinde alikwenda kwa Msondo kusikiliza tu, mikono kifuani, ili arudi kwao na habari. Mashindano hayo yalizaa nyimbo nyingi kuliko mkataba wowote.

Redio pia haikupokea kila kitu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwake, aliimba na Super Matimila wimbo wa “Mambo kwa Soksi”, akiwahimiza watu kujikinga na UKIMWI kwa kutumia kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Ulienea hata hivyo, kwa kumbi na kwa kaseti, ukaimbwa na watu ambao hawajawahi kuusikia hewani hata mara moja. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba wimbo usiopigwa redioni haupo. Katika miaka ambayo ugonjwa ule ulikuwa ukizimaliza familia, moja ya nyimbo zilizohitajika kuliko zote ilikuwa nje ya redio, na waliokwenda ukumbini waliipata.

Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa za mashirika. Jeshi, Polisi, Magereza, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, kampuni ya mabasi ya UDA: kila moja lilikuwa na bendi yake, vyombo vyake, na wanamuziki waliopokea mshahara mwisho wa mwezi. Mageuzi ya uchumi yalipoyabana mashirika, bendi zilikuwa za kwanza kuachwa. Bendi ya mjomba ilikuwa ya mtu binafsi, lakini ilikufa kwa namna hiyo hiyo. Mwenye vyombo aliona disko inampa faida zaidi kwa watu wawili wa kulipwa badala ya kumi na tano, akaviuza. Mzee wa ridhimu alirudi kwao Rufiji kulima. Mjomba alifungua kibanda cha kutengeneza redio, na hapo mezani kwake, katikati ya vipande vya redio za watu, mara kwa mara alikuwa akigonga kwa bisibisi kifungu kile kile cha mzee wa ridhimu, pasipo mwenyewe kujua.

Tangu hapo mlango ndio mshahara. Ningependa kila anayesema “zamani kulikuwa na muziki” aifanye hesabu hii. Mwenye baa kwa kawaida anabaki na mauzo ya vinywaji, bendi inachukua kiingilio. Chukua mfano wa kiingilio cha shilingi 5,000 na watu 60: ni shilingi 300,000. Toa gari la kubebea vyombo, mafuta ya jenereta, mtu wa mlangoni, tuseme 100,000. Zilizobaki zigawe kwa wanamuziki 15, kila mmoja anapata kama 13,000, na kwa kuwa wanamaliza usiku wa manane daladala zimeshalala, sehemu ya hizo inaishia kwa bodaboda. Sasa waje watu 120. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale. Kila mwanamuziki anaondoka na zaidi ya 33,000. Watu wameongezeka mara mbili, mfuko wa mwanamuziki umeongezeka mara mbili na nusu. Wale 60 wa ziada, ambao wengi wao wamebaki nyumbani wakisema bendi zimekufa, ndio tofauti kati ya mpiga besi anayebadilisha nyuzi na mpiga besi anayezichemsha kwenye maji ili zirudishe mlio.

Kwa sababu hiyo nalipa mlangoni hata pale ninapojuana na kiongozi wa bendi. Kuingia bure kwa kujuana ni mazoea mabaya tuliyoyageuza kuwa heshima. Na wimbo ukinigusa napanda kumtuza mwimbaji, kisha nazunguka nyuma kwenda kumtuza mpiga ridhimu, ambaye mara nyingi hushtuka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilileta chombo cha hakimiliki, COSOTA, na kuweka msingi wa msanii kulipwa kazi yake inapotumiwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini bendi ambayo haipigwi redioni haina mrabaha wa kuusubiri kutoka redioni. Wake uko mlangoni.

Unguja niliona njia nyingine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na umaarufu wake ukavuka bahari. Utangazaji wa redio ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, yeye alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Nadi Ikhwan Safaa ni ya zamani kuliko santuri hizo: ni chama cha taarabu kilichoanza mwaka 1905, na bado kipo. Kina wanachama, na wanachama ndio wanaokibeba kutoka kizazi hadi kizazi. Wengine kati yao hawapigi chombo chochote. Usiku wa taarabu nilioushuhudia Mji Mkongwe, mama mmoja aliinuka katikati ya ubeti, akatembea taratibu mpaka mbele, noti ameinyoosha juu ili kila mtu aione, akaitoa huku anamtazama mwimbaji machoni, akageuka na kumwangalia mtu mmoja tu katika ukumbi. Ubeti ule ulikuwa wake. Alikuwa na jambo la kusema na amepata wa kumsemea. Mwimbaji alielewa, akaurudia. Redio haina nafasi ya kumrudishia mtu ubeti wake.

Kuna jambo moja linaloniuma, na linatoka kwa sisi wenyewe tunaojiita wapenzi wa bendi. Tunakwenda ukumbini kudai zilipendwa. Tunataka wimbo wa mwaka 1980 upigwe kama ulivyo kwenye kaseti, noti kwa noti, na bendi ikithubutu kupiga kitu kipya tunakwenda msalani au tunaagiza bia. Nazipenda nyimbo za zamani kama mtu yeyote. Hata hivyo bendi inayoishi kwa nyimbo za marehemu tu, kesho itakuwa makumbusho. Akina Gurumo na Dede walikuwa wakubwa kwa sababu ukumbi ulizipokea nyimbo zao zikiwa bado hazijulikani. Wapenzi waliotangulia waliwapa nafasi ya kujaribu. Waimbaji wa leo nao wana haki hiyo.

Bendi ninayoifuata sasa inapiga Ijumaa katika baa moja ya Sinza. Wanamuziki wake ni mchanganyiko: wazee waliopitia bendi za mashirika, na vijana wawili waliosomea muziki chuoni, ambao nje ya kanisa na hoteli hawana mahali pengi pa kupanda jukwaani. Mmoja wa vijana hao, mpiga solo, alileta wimbo wake mwaka jana. Unahusu mama anayeuza samaki Feri na mwanawe aliye Muscat asiyepiga simu. Mara ya kwanza ulipopigwa, sakafu ilibaki tupu kabisa. Mke wangu aliniambia twende, tukacheza wawili peke yetu mbele ya meza zilizojaa watu wanaotutazama. Ulikuwa na kasoro: ubeti wa tatu ulirudia ule wa kwanza, na chemko lilikuja mapema mno, kabla moyo haujaiva. Wakati wa mapumziko nilimwambia kijana. Hakukasirika. Mzee wa saksafoni naye alikuwa ameshamwambia hivyo hivyo. Ijumaa chache baadaye ubeti wa tatu ulikuwa umekatwa, chemko limesogezwa, na mzee wa saksafoni ameweka kilio kirefu mahali ambapo mwana alipaswa kupiga simu. Sakafu ilijaa. Wanawake wawili waliimba kiitikio kabla ya mwimbaji, maana walikuwa wameshakishika.

Mpwa wangu wa kike alipokaribia kuolewa, kamati ya sherehe ilikaa kujadili bajeti, na fungu la muziki likaandikwa “DJ” bila mtu kuuliza. Nikauliza. Dada yangu alisema bendi ni ghali na vijana watachoka. Tulikubaliana kugawa: bendi ianze, DJ amalizie. Kiongozi wa bendi alikuja siku mbili kabla, akakaa na akina shangazi, akaandika majina: la bibi harusi la utotoni, la bibi yake mzaa mama, la kijiji cha upande wa bwana harusi. Usiku wa sherehe, katikati ya chemko, waimbaji waliyaita majina hayo moja moja. Bibi, ambaye alikuwa amekaa na mkongojo wake tangu jioni, aliposikia lake aliinuka. Vijana waliodhaniwa watachoka walimzunguka kwa vifijo, na solo ikaongezewa mzunguko, kisha mwingine. DJ alisubiri zaidi ya tulivyopatana, na alipoulizwa kama amekwazika alijibu kuwa alikuwa anarekodi kwa simu.

Kutokana na usiku huo bendi imepata harusi nyingine, moja Kigamboni, nyingine Kibaha. Kiongozi wao ameninong'oneza kwamba sehemu ya fedha hizo, pamoja na fungu dogo la kiingilio cha kila Ijumaa, wanaiweka kando ili waingie studio na wimbo wa mama wa Feri. Wanataka kuupiga wote kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, chemko lake likiwa kamili, na wanatafuta fundi atakayekubali wimbo wa dakika kumi na moja. Wawili wameshakataa. Wa tatu ameomba kwanza aje Ijumaa ausikie.